Tundu la Nne Chini ya Bamba

4 Februari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kidole cha shahada nimekichana kwa karatasi kazini, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Natumaini wewe na karakana yako hamjambo, na kwamba goti la mama limeacha kumsumbua. Mwambie kile kitambaa alichonipa nimekwisha kukishona pazia. Kiwandani bado niko kwenye mashine ya kukata karatasi, mwaka wa tisa huu, na msimamizi wetu bado anapiga kelele kuliko mashine zote tatu zikiwashwa pamoja.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Lile gitaa la marehemu baba, nililolitoa kabatini kwa mama Desemba, limepata kazi. Nimeingia kwenye bendi. Tunapiga Ijumaa na Jumamosi katika ukumbi wa hoteli iliyo jirani na stesheni ya treni, na mimi ndiye nashika gitaa la solo. Kiongozi wetu ni mzee mpuliza saksafoni. Tunamwita Kiongozi, na hata mkewe anamwita hivyohivyo.

Tatizo ni sauti. Kila nikipiga, gitaa linasikika kana kwamba limefunikwa blanketi. Noti za juu hazitoki. Nimebadilisha waya, nimebadilisha amplifaya, nimemlaumu fundi mitambo wa hoteli mpaka hanisalimii. Wewe ndiye uliyelifungua na kulifunga gitaa hili tangu mimi niko shule ya msingi. Nifanye nini?

Usinipigie simu kazini. Ile simu ya ofisini ina mikwaruzo, nasikia nusu ya maneno. Andika.

Mpwa wako

*

20 Februari 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimeinamia redio ya mwalimu mmoja aliyeimwagia uji halafu akaniambia imeharibika yenyewe. Mama yako hajambo. Goti linamruhusu kwenda sokoni lakini halimruhusu kuja kwangu kunisalimu, na mimi nalijua goti la dada yangu, lina akili kuliko sisi wote. Mimi nimefikisha miaka sitini na tatu mwezi uliopita. Hakuna aliyekumbuka, nami sikumkumbusha mtu.

Hongera kwa bendi. Sasa nisikilize kwa makini, maana mambo haya watu huyapiga chenga.

Uzi wa gitaa hauchezi sawasawa mahali pote. Kuelekea katikati unacheza kwa mapana. Kule kwenye daraja, kile kibao nyuzi zinapofungiwa, unatetemeka kidogo tu na kwa haraka. Chini ya nyuzi kuna kile kidude cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Mafundi tunakiita sumaku tu, basi. Kazi yake ni kunasa kile kinachopita juu yake. Ukiiweka karibu na shingo inanasa ule mchezo mpana, unapata sauti nene, ya mviringo. Ukiiweka karibu na daraja inanasa ule mtetemo mdogo, unapata sauti nyembamba, kali, yenye ncha. Uzi ni uleule na vidole ni vilevile, lakini inchi mbili zinakupa mpigaji mwingine kabisa.

Ya gitaa lako iko karibu sana na daraja. Hilo ni gitaa kali tayari. Nashangaa unaposema limefunikwa.

Anza na madogo. Weka nyuzi mpya. Safisha tundu la waya kwa spiriti. Kisha zile skrubu mbili za pembeni ya sumaku, zizungushe ili sumaku ipande ikaribie nyuzi, unene wa sarafu moja, usizidishe. Ukizidisha, sumaku itauvuta uzi na gitaa litakuwa linatoka nje ya tyuni bila mtu kuligusa.

Umekula? Maana ulipokuwa hapa Desemba nilikuona umekonda.

Mjomba wako

*

15 Machi 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nakula, tena sana. Sema wewe ukimwona mtu hana kitambi unadhani anaumwa. Msalimie mama. Mwambie nimehamia chumba cha ghorofa ya pili, kina dirisha la kuelekea yadi ya mbao, na mwenye nyumba ni mama mmoja mpole ambaye kazi yake kubwa ni kunilalamikia kwamba redio yangu iko juu.

Nimefanya yote uliyosema. Nyuzi mpya, spiriti, unene wa sarafu. Halikubadilika, nikaongeza sarafu ya pili. Halafu nikafungua.

Usinikasirikie. Nilitoa lile bamba la plastiki la mbele kwa bisibisi yako mwenyewe uliyonipa. Nikaiona ile kapasita ya kitufe cha kupunguza ukali, nikaikata, maana rafiki yangu mmoja aliniambia ndiyo inayomeza noti za juu. Sasa gitaa linasikika vizuri kidogo. Kidogo tu.

Lakini si hilo lililonishangaza. Chini ya bamba nimekuta mfereji mrefu uliochongwa kwenye mbao, na kando yake matundu ya skrubu, jozi tatu. Jozi mbili zimezibwa kwa vijiti na gundi. Kila jozi ina tarehe ya penseli kwa mwandiko wako, ule wa saba yenye mkia. 1971 iko jirani na shingo. 1974 iko katikati. 1976 ndiyo iliyoshika sumaku sasa, vidole viwili tu kutoka kwenye daraja. Baba aliihamisha sumaku mara tatu? Kwa nini? Kwa mama hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo. Mimi najua tu kwamba bendi yake ilivunjika, gitaa likaingia kabatini, basi.

Kiongozi naye ananichosha. Anasema gitaa langu linamchoma masikio. Nadhani amezoea magitaa ya kizamani. Mwezi wa Juni tunaingia studio kurekodi, nyimbo sita, na mimi nina solo katika nne. Nataka liwe tayari.

Mpwa wako

*

10 Aprili 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Si kwamba nilikuwa na kazi nyingi.

Mama yako anakusalimu na anauliza pazia lina upana gani. Huku mvua zimeanza na paa la karakana limekumbuka penye matundu yake yote. Nimepanga ndoo nne na sufuria moja.

Kuhusu kapasita: ile hupeleka ukali ardhini ukapotea, kwa hiyo ukiikata ukali wote unabaki. Sasa huna breki. Vipande usivitupe, vifunge kwenye karatasi.

Kuhusu matundu: shemeji yangu, baba yako, alikuwa mtu wa kuchagua. Leo anataka hivi, kesho vile. Mimi ni fundi. Mteja akitaka sumaku isogee, naisogeza, naandika tarehe, nafunga bamba. Ndivyo nilivyofundishwa.

Nina maswali machache, usiniulize ya nini. Jukwaani unasimama wapi? Nani yuko karibu nawe, na upande gani? Kule kiwandani mnavaa chochote masikioni? Mwenye nyumba wako alianza lini kulalamika?

Na nitumie kanda ya mazoezi. Usirekodi nyimbo tu. Iache kanda ikimbie hata mkiwa mmepumzika na mnapiga soga. Nataka kusikia ukumbi unavyorudisha sauti.

Mjomba wako

*

27 Aprili 1994

Mjomba,

Shikamoo. Kanda hii hapa, imo ndani ya soksi ili isivunjike. Soksi ni safi.

Mwambie mama pazia ni mita moja na nusu.

Maswali yako ni kama ya polisi, lakini nayajibu. Nasimama kushoto kwa mpiga drams, matoazi yake yako usawa wa kichwa changu. Nilipapenda mwenyewe kwa sababu napata mapigo vizuri. Kiwandani tuliwahi kugawiwa vifuniko vya masikio, vikapotea. Mwenye nyumba alianza siku nilipohamia. Umeridhika?

Sasa langu. Jumamosi iliyopita Kiongozi alinivuta kando, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Studio ni tarehe 25 Juni. Gitaa lisipokaa sawa mpaka siku hiyo, solo zote nne anampa mpiga rithimu, mimi nibaki nyumbani. Hajawahi kusema vidole vyangu vina kasoro. Anasema sauti. Mjomba, nimeisubiri nafasi hii tangu nina miaka kumi na minne, naficha mikono yangu kwa mama ili asione sugu za nyuzi. Siwezi kuikosa kwa sababu ya kipande cha mbao.

Kwa hiyo nimeamua. Nataka niisogeze sumaku hadi igusane na daraja, mwisho kabisa. Na nikiwa nimeitoa nipunguze na mizunguko ya waya wake, nimeambiwa inaongeza ukali. Patasi nimeazima kwa wale mafundi wa yadi. Nipe vipimo tu. Usiponipa ifikapo katikati ya Mei nitakadiria kwa macho.

Mpwa wako

*

12 Mei 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ni mzima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Rudisha patasi ya watu.

Kanda yako nimeisikiliza mara tatu. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilidhani spika yangu imepasuka. Mteja mmoja aliyekuwa ananisubiri aliziba sikio kwa kidole. Hilo gitaa halijafunikwa na chochote, binti yangu. Ni sindano. Kiongozi wako ni mvumilivu mno.

Kisha nikasikiliza zile soga. Kuna mwanamume anakuita mara moja, anakuita mara ya pili, mara ya tatu watu wanacheka, na wewe unaendelea kutyuni. Baadaye kuna mtu anauliza saa ngapi, wewe unamjibu kwamba umekwisha kula. Wakacheka tena. Nadhani wao wanakuona una maringo au una mawazo.

Niliposoma barua yako ya kwanza nilikwisha kujua, nikajifanya sijui. Nilikuandikia mambo ya spiriti na sarafu.

Mwaka 1971 baba yako alikuja karakanani akasema gitaa lake halitoi noti za juu. Sumaku ilikuwa kule lilikotoka nayo dukani, jirani na shingo. Nikaifunga upya palepale, nikaandika tarehe. Mwaka 1974 akarudi. Nikachonga mfereji, nikaisogeza katikati. Akaridhika miezi michache. Mwaka 1976 akasema bado limefunikwa, ilhali mimi linanichoma. Siku hiyo nilipitisha mkono nyuma ya kichwa chake nikagonganisha funguo zangu. Hakugeuka. Niliziweka mfukoni, nikachukua patasi, nikaisogeza sumaku kama alivyotaka. Nilipokuwa naandika tarehe akanishika mkono, akasema, "Shemeji, haya ni ya kwetu wawili. Dada yako asijue." Kwa hiyo na yeye alikuwa anajua. Nikamwahidi.

Mwaka uliofuata bendi yake haikuvunjika. Walimtoa. Walimtoa ukumbini watu wakiwa wamekaa, kwa sababu wacheza dansi walikuwa wanaondoka. Alirudi nyumbani akasema bendi imevunjika, na mimi nikaitikia.

Kuchonga mbao ni rahisi kuliko kumwambia mtu neno. Nimechonga mara mbili kwa sababu hiyo, na ninaona aibu. Ya tatu sichongi. Kama yako imetoka kwenye damu, au kwenye matoazi, au kwenye hizo mashine tatu, mimi sijui, mimi ni fundi wa redio. Nenda kwa daktari wa masikio. Nenda kabla ya studio.

Mjomba wako

*

2 Juni 1994

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Wiki tatu sijapata neno lako. Nilipiga simu kiwandani, nikaambiwa uko kwenye mashine, huwezi kuja. Mama yako ananiuliza mbona kila siku natazama mlangoni. Nimemwambia namsubiri mtu wa paa.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Mjomba wako

*

9 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo. Mama asalimiwe. Mimi sijambo kwa kiasi.

Nilikukasirikia. Nilichana barua yako vipande viwili, kisha nikaiunga kwa gundi ya kazini, maana nilitaka kuisoma tena nipate mahali ulipokosea. Kisha nikaenda kwa daktari ili nikuthibitishie kwamba umezeeka.

Wanakuweka katika kachumba kenye kuta za sifongo, unavaa visikilizio, unapewa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Nilibonyeza mwanzoni, halafu nikawa nasubiri. Nikadhani mashine yao imekatika. Nikatazama kupitia kioo, nikamwona yule dada wa vipimo anaendelea kugeuza vitufe vyake, anaandika, anageuza, anaandika. Alikuwa ananipigia milio muda wote ule. Hapo ndipo nilipoamini. Nilikaa mle ndani nikalia kidogo, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Daktari amenichorea mstari kwenye karatasi. Unakwenda vizuri, halafu ukifika kwenye sauti za juu unaporomoka, na sikio la kulia, lile la upande wa drams, ndilo baya zaidi. Nikamuuliza kama ni urithi. Akasema baba hayupo wa kupimwa, lakini matoazi na mashine ya karatasi vinatosha peke yao. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinalindika. Amenipa vifuniko na barua kwa msimamizi wangu.

Nina neno moja la kukulaumu na nitalisema mara moja tu. Ungelisema Februari.

Gitaa limo kwenye boksi hili, pamoja na vipande vya kapasita. Nimelipakia kwenye basi la mizigo, likikufikia una wiki moja. Usilipeleke nilikotaka mimi. Lirudishe pale ambapo mtu mwenye masikio mazima angelipenda. Studio iko palepale, tarehe 25, na mimi bado naitaka. Nikikaa nyumbani nitakuwa nimeweka gitaa kabatini mara ya pili.

Mpwa wako

*

17 Juni 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Lawama yako nimeipokea. Ni haki yako.

Gitaa limefika zima. Nililiweka mezani, nikaiziba 1976 kwa kijiti na gundi, nikalehemu kapasita mpya, na sumaku nikaifunga kwa mipira miwili ili niweze kuitelezesha ndani ya mfereji huku nikipiga kwa mkono mwingine. Nikapiga. Nikasogeza, nikapiga tena. Nikagundua kwamba sijui. Nina miaka sitini na tatu, arobaini kati ya hiyo nimeinamia spika zinazopiga kelele. Mchana wote nilisogeza mbele na nyuma, na kila mahali paliniambia ndiyo.

Nikaenda kumwita mama yako.

Tangu gitaa hilo liingie kabatini kwake hajataka kulisikia, wewe unajua. Nilimwambia nahitaji masikio ya mtu mmoja kwa nusu saa. Akauliza, "Ya kwangu? Kwani ya kwako yameenda wapi?" Nikamwambia ukweli wa yangu. Kisha nikamwambia wa kwako, maana hakuna njia nyingine ya kueleza, na wewe unisamehe. Mwisho nikavunja ahadi yangu na nikamwambia wa baba yako.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilijua. Wewe unadhani niliolewa na ukuta? Miaka yote ile sikuwahi kumwita nikiwa jikoni. Nilikuwa naacha sufuria motoni, naenda kusimama mbele yake ndipo niseme. Aliniomba nisikwambie wewe."

Yaani mimi na dada yangu tumefichana siri moja kwa miaka kumi na minane, kila mmoja akimlinda mwenzake. Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Goti likakubali kuja. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, akatazama ukutani. Nikaanza penye tarehe ya 1971. Akasema, "Hapo linalala." Nikasogeza. "Hapo linalalamika." Nikarudi nyuma kidogo. "Bado." Kidogo tena. "Hapo. Hapo lina mwili. Usiliguse."

Nikatazama chini. Hakuna tundu la zamani pale. Ni kati ya 1971 na 1974, mahali ambapo sikuwahi kupajaribu kwa baba yako. Nimetoboa jozi mpya. Nimeandika tarehe ya leo, na chini yake nimeandika MAMA.

Kitufe cha ukali nimekitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha ya mama yako. Nimeshangaa, kama utakavyoshangaa wewe, kwamba anayo. Ukikisimamisha kwenye nukta, kiache. Sumaku nimeishusha, sarafu zako zote mbili nimezitoa.

Sasa sikiliza jambo la mwisho, nalo ndilo gumu. Likikufika utalipiga na utasema limefunikwa blanketi. Mkono wako utataka kuzungusha. Usizungushe. Likisikika kwako limefunikwa, ujue ndipo penyewe.

Linaondoka na basi la kesho.

Mjomba wako

*

28 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo. Gitaa lilifika Jumatatu, siku tano kabla ya studio. Kazini nimehamishiwa chumba cha kuhesabu karatasi, ni kimya kiasi kwamba namsikia msimamizi anavyopumua.

Ulisema kweli. Lilisikika limefunikwa mablanketi matatu. Siku ya kwanza nilikigusa kitufe mara mbili nikakirudisha. Siku ya pili nikakibandika plasta.

Kabla ya mazoezi ya mwisho niliwakusanya, nikawaambia. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, nikasema maneno machache tu. Nikawaonyesha ile karatasi ya mstari. Mpiga rithimu, yule wa kuchukua solo zangu, ndiye aliyeinuka kwanza, akabeba amplifaya yangu akaipeleka upande wa pili wa jukwaa, mbali na matoazi. Kiongozi akasema alidhani nina dharau. Miezi mitano yote alikuwa anadhani namdharau. Nikamwomba radhi, naye akaniomba.

Studio nilipiga zote nne. Sikulifuata sikio langu, nilifuata vidole na ile nukta. Baada ya solo ya pili Kiongozi alivua visikilizio akamwambia fundi mitambo, "Hili libaki." Kisha akaja mbele yangu, akanitazama, akauliza nani amelitengeneza. Nikamwambia mjomba ametoboa na mama amesikiliza. Akadhani namtania.

Mimi mwenyewe noti zile sikuzisikia zote. Zipo kwenye kanda, wanasema ni nzuri, na nimeamua kuwaamini. Kanda moja ni ya mama. Imo kwenye soksi ileile.

Nakuja Desemba. Mwambie mama nikiwa nyumbani asiache sufuria motoni kwa ajili yangu. Akitaka kusema nami apunge mkono tu hukohuko jikoni. Nitakwenda mimi kusimama mbele yake.

Mpwa wako